Nyongeza ya Meno Sita

Mwanangu Mika alinipigia simu kutoka Dar es Salaam akaniambia nifungashe nguo, mwisho wa mwezi anakuja kunichukua. Eti mama mtu mzima hawezi kukaa huku milimani, Malindi ya Lushoto, peke yake, bila kazi, akizungumza na kuku. Nikamwambia kwanza kuku wangu huwa wanajibu, siyo kama yeye. Pili, kazi ninayo.

"Kazi gani, mama? Msimu wa kuuza mapeasi si umeisha?"

Hapo nilikuwa kwenye benchi langu la barabarani, nimekaa mbele ya ndoo tupu. Nikainua macho kutafuta kazi, yakaangukia gereji ya Faraji upande wa pili wa barabara.

"Nimeingia ufundi wa pikipiki," nikasema.

Mika alicheka mpaka simu ikakatika. Akapiga tena, akacheka kidogo, halafu akasema kwa sauti ya bosi: "Sawa. Nikija nikakuta kweli wewe ni fundi, nakuacha na mlima wako. Nikikuta ni hadithi, unapanda basi na mimi."

Dar nilishawahi kwenda. Nilitoka jasho mpaka kwenye kucha. Usiku nililala sakafuni kama dagaa waliomwagwa wakauke, na mkwe wangu akanionea huruma akaniwashia feni, feni nayo ikanipulizia moto. Sirudi ng'o.

Nikavuka barabara.

Faraji namjua tangu alipokuwa akinisalimia kwa mkono mmoja na kuniibia mapeasi kwa mkono mwingine. Siku hizi ana ndevu na watu wanamwita fundi.

"Shikamoo, Mama Mika."

"Marahaba. Nimekuja kujifunza."

"Kujifunza nini, mama?"

"Hicho unachokifanya. Na ukiweza, na kile usichokijua."

Akadhani natania. Nikakunja kanga kiunoni, nikakaa kwenye kigoda chake, nikachukua spana nikaishika kama mwiko. Siku ile hakuweza kunitoa, na ya pili akaacha kujaribu.

Lakini taabu ilikuwepo, na wala haikuwa macho yangu wala magoti. Ilikuwa adabu. Mwanafunzi wa gereji anatumwa kwa kelele: lete nyundo, shika hapa, umelala wewe? Sasa Faraji atanitumaje mimi, niliyemzidi mama yake umri? Alikuwa analala chini ya pikipiki, anaanza: "Mama, samahani, kama hutajali, ukipata nafasi, naomba unisogezee ile nyundo." Mpaka amalize, oili imeshamjaa sikioni.

Nikamwambia, "Sikiliza, baba. Kuanzia asubuhi mpaka jioni mimi ni mtoto wako. Nigombeze kidogo, nitazoea."

Akajaribu. Akavuta pumzi, akasema, "Wewe..." Halafu akakohoa, akaenda kunywa maji.

Hivyo nilijifunza kwa heshima zote. Nikajua kuziba pancha, nikajua kusafisha plagi, nikajua kuwa nati ikikataa unaigonga kwanza kwa nyundo kidogo kidogo ndipo inasikia, sawasawa na marehemu mume wangu. Lakini kilichonipendeza kuliko vyote ni sproketi, yale maduara mawili ya chuma yenye meno, dogo la mbele kwenye injini na kubwa la nyuma kwenye tairi, yanayozungushana kwa cheni. Faraji akanieleza: ukiweka meno mengi nyuma, pikipiki inapanda mlima kama mbuzi, ila mbio haina. Ukiweka machache, inakimbia sana, ila mlimani inaomba ikokotwe. Huku kwetu kila mtu anataka mengi. Hata mimi nayataka, maana yaliyobaki kinywani hayatoshi kutafunia muwa.

Wiki moja kabla Mika hajaja, Faraji, ambaye nilikuwa nimemweleza sharti la Mika, akaniita pembeni.

"Mama, kesho nakwenda Lushoto mjini kununua vipuri. Kuna kijana anaitwa Hamza ataleta pikipiki, na seti yake mpya ya cheni na sproketi anayo. Ufunge mwenyewe, bila mimi. Ikiondoka isirudi na lawama, nitamwambia Mika kwa mdomo wangu kwamba hapa pana mafundi wawili."

"Na ikirudi?"

Akatazama viatu vyake. "Ikirudi, mama, nitamsaidia Mika kubeba begi lako."

Hamza akaja asubuhi, shati limepigwa pasi, viatu vimejaa vumbi. Kumbe anaendesha bodaboda kule chini Mombo, na huku juu amefuata mchumba, Rehema. Rehema alishamkubali zamani. Mgumu alikuwa mama yake, aliyeapa kwamba binti yake haolewi na bodaboda, watu wenyewe wanakimbiza pikipiki kama wameiba. Mara mbili Hamza ametuma posa na mara mbili imerudishwa. Akaniachia pikipiki, akapanda kwa miguu kwenda kuwasalimia, uso kama wa mtu anayekwenda kung'olewa jino.

Nikaanza. Nikatoa klipu ya cheni kwa koleo, nikalegeza ekseli, tairi likatoka. Sproketi ya zamani meno yake yalikuwa yamelika mpaka yamechongoka kama miiba. Nikafungua nati zake nne bila kuita mtu, na nikaimba pambio zima nikiwa nafungua, sauti ya kwanza na ya pili.

Halafu nikaishika ile mpya aliyokuja nayo. Nikahesabu meno. Arobaini na mawili.

Nikamwonea huruma. Kijana wa watu anapanda milima yote hii kuja kwa wakwe wagumu, na meno arobaini na mawili? Na ukutani mwa Faraji zinaning'inia sproketi nzuri, nene, za arobaini na nane, ndizo tunazowafungia wabeba kabichi wote. Mimi nimeuza matunda tangu nikiwa msichana, na mteja hajawahi kuondoka kwangu bila nyongeza. Ukinunua fungu la mapeasi, naweka moja juu, hata kama umenitukana. Mkono wenyewe umezoea, hauniulizi.

Basi mkono ukampa Hamza nyongeza ya meno sita.

Nikaweka na cheni ndefu ya kutosha, nikarudisha tairi, nikapima ulegevu wa cheni kwa vidole viwili kama nilivyofundishwa, nikahakikisha ule upande wa klipu uliozibika umetangulia mbele. Kazi safi. Haikunijia kabisa akilini kwamba kuna watu wanaishi mahali pasipo na mlima. Kwa nini mtu akae mahali kama hapo?

Faraji aliporudi jioni akauliza, "Imeondoka?"

"Imeondoka inacheka," nikamwambia.

Siku ya tatu tulisikia mngurumo. Tulikuwa watu watatu gerejini: mimi, Faraji, na Tobia wa Shume, anayeshusha kabichi kwa pikipiki, aliyekuwa amekuja kujaza upepo. Tobia akasema, "Hilo ni lori la mbao." Tukasubiri lori. Mngurumo ukaja, ukaja, ukazidi kuja, na barabara bado nyeupe. Hatimaye kwenye kona akatokea Hamza, taratibu, injini inalia kama inachinjwa na yeye anakwenda mwendo wa bwana harusi.

Akazima. Akavua kofia. Hasira zilimjaa mpaka masikioni, lakini mtoto amelelewa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Mbona umenuna?"

"Bibi, umeniharibia pikipiki."

Moyo wangu ukatua Dar es Salaam, moja kwa moja, ukaanza kutoka jasho.

Faraji akainama kwenye tairi la nyuma. Akahesabu kwa kidole. Akahesabu tena. "Mama! Arobaini na nane! Huyu ni mtu wa Mombo, kule ni tambarare kama meza!"

"Nilimpa nyongeza."

"Nyongeza ya sproketi?"

Tobia akakaa chini. Nilidhani ameugua, kumbe anacheka.

"Kule Mombo abiria wananishukia njiani," akasema Hamza. "Jana mmoja ameshuka, akatembea, akafika kabla yangu. Na nauli akanipa kwa kunihurumia!"

"Pole, baba," nikasema. "Na huko kwa wakwe je?"

Hapo uso wake ukapata shida. Hasira ilitaka kubaki na kitu kingine kilitaka kutoka.

"Huko..." akasema. "Huko ndiko sielewi. Siku ile ulipomaliza nilikwenda kuaga, nikamkuta Mama Rehema amekosa usafiri wa kwenda sokoni Soni. Akasema afadhali achelewe kuliko kupanda na mimi. Mwisho akapanda, lakini akaweka kapu la karoti katikati yetu, kwa ajili ya adabu."

"Vizuri," nikasema. "Mkwe ni mkwe."

"Tukaanza kushuka. Pikipiki inanguruma, haiendi. Nikavuta mafuta, inanguruma zaidi, haiendi. Baiskeli ya mkaa ikatupita, bibi! Mwenye baiskeli akatupungia! Mimi nataka kulia. Mara namsikia mama nyuma anasema, 'Wewe kijana, kumbe una akili. Hukimbizi watu.'"

Tobia alikuwa sasa amelala kabisa juu ya pampu.

"Na wakati wa kurudi," Hamza akaendelea, "kile kilima cha kwao ambacho siku zote abiria anashuka anatembea, tumekipanda yeye amekaa hapo hapo juu, na kapu lake, na gunia la mchele. Majirani wametoka nje kutazama. Jioni ameniambia nilete wazee. Posa imepokelewa."

"Kwa hiyo umekuja kushukuru!" nikasema.

"Nimekuja utoe hii sproketi, bibi! Mke nimepata, nitamlisha nini?"

Faraji akajifuta mikono kwa kitambaa, polepole. Nilimwona anapima maneno. "Mama, tulikubaliana. Ikirudi..."

"Ikirudi na lawama," nikasema. "Hii imerudi na mke."

"Na lawama ninazo!" akasema Hamza.

"Mke kwanza, lawama baadaye. Weka stendi."

Sikumngoja Faraji aamue. Nikakunja kanga, nikashuka chini. Seti yake nilikuwa nimeitunza. Nikatoa klipu, nikalegeza, nikavuta tairi. Watu wakaanza kusimama barabarani, maana Tobia alikuwa anawasimulia wapitao kwa sauti ya mnada. Meno arobaini na mawili yakakaa mahali pake. Nikafunga nati zote nne kwa kukatiza, hii na ya mkabala wake, nikarudisha cheni yake, nikapima kwa vidole viwili. Faraji alisimama juu yangu, na mara moja tu akafungua mdomo.

"Umelala wewe? Kaza hiyo ekseli!"

Akajishika mdomo. Mimi nikakaza kwa furaha mpaka spana ikalia.

Hamza akapanda, akaenda mpaka kona na kurudi kama risasi. "Ndiyo hii!" akapiga kelele. "Ndiyo hii hasa!" Nikamwonya akipita kwa Mama Rehema atambae, ama nitakwenda kumshtaki mwenyewe.

Tobia akainuka, akajipangusa machozi, akaiokota sproketi niliyoitoa. "Hii ya posa nifungie mimi," akasema. "Huko Shume nina mama mkwe hajawahi kunichekea hata jino moja." Akaisukuma pikipiki yake, akampita Faraji, akaisimamisha mbele yangu.

Nikalala chini, nikashika nati ya kwanza, na hapo simu ikaanza kulia ndani ya fundo la kanga yangu. Mikono yote miwili imejaa grisi. Ikalia, ikalia. Faraji akaomba samahani, akaichomoa fundoni kwa ncha za vidole, akatazama kioo, akaiweka sikioni.

"Mika, habari za huko. Hapana, mama hawezi kuongea sasa hivi. Fundi yuko chini ya pikipiki, na kuna foleni."