Mlinda Lango wa Saramba

Jumatatu saa nne asubuhi Zubairi alikuwa kwenye benchi yake ndani ya geti, pale mtaa wa Kisugu, anakoroga chai kwa kalamu maana kijiko kilikatika tangu wiki iliyopita. Ni askari wa nyumba za kupanga, geti jeusi la chuma lenye kidirisha kidogo cha kuchungulia. Siku hiyo ilikuwa ya kumi na mbili hajatoka. Si kwamba alifungiwa, hapana. Kazi ya askari ina sheria yake: hutoki mpaka mwenzako wa zamu aje, asaini kile kitabu kikubwa cha geti, aseme "nimepokea." Mwenzake, Ochola, kampuni ilimhamisha, na kila siku walisema kesho anakuja mwingine.

Basi alikuwa anasoma. Miaka thelathini nyuma, yeye na marehemu mkewe Safinah walisoma kitabu cha nchi ya Saramba, ambako mito inapanda mlima na miti inajibu salamu. Walikisoma mpaka jalada likatoka, Safinah akakishonea jingine la kitenge. Sasa Dolphine, yule mama Mkenya anayekaanga chapati ng'ambo ya barabara, alimletea kutoka Busia kitabu kipya. Saramba ileile, lakini vizazi vitatu mbele.

Zubairi alifurahi kama mtu aliyerudi kwao. Alikuta mtaa mzima una jina la yule punda mjanja wa kitabu cha kwanza, na watoto wanaocheza hapo hawajui kama alikuwa punda. Miti bado ilijibu salamu, ila kwa kifupi, kama watu wa mjini. Alisoma kwa sauti, kidole chini ya maneno, na Dolphine akamfokea toka kwenye jiko lake, "Mzee, soma na nguvu! Hiyo ya punda sijasikia poa!"

Ukurasa wa arobaini akafika lango la mashariki. Kirumbi alikuwa bado amesimama hapo, na koti lilelile.

Huyu Kirumbi, katika kitabu cha kwanza, malkia akienda vitani alimwambia shika lango hili, nitatuma mtu akupokee. Malkia akafa huko, kitabu kikaisha. Safinah aliuliza siku ile, na yule wa langoni je? Zubairi akamjibu, ah, mama, lazima walimkumbuka.

Zubairi aliacha kucheka. Akasoma mstari uliofuata, na Kirumbi akatoka kwenye ukurasa, mguu wa kulia kwanza, akapangusa vumbi, akasimama karibu na pipa la maji.

"Wewe ndiye umetumwa kunipokea?"

"Hapana, afande. Hata mimi nangoja."

"Basi," akasema Kirumbi, akaegemeza mkuki wake ukutani.

"Mzee!" Dolphine akaita. "Mgeni anakula yai?"

Anakula. Dolphine akamviringishia yai kwenye chapati, akapitisha kwenye kidirisha.

Mchana Nuriat, bintiye Zubairi, akapiga simu kutoka Bwaise. Alikuwa amejifungua Jumamosi, mtoto wa kiume. "Baba, Ijumaa ndiyo siku ya saba. Watu wote nimeshaambia. Na jina ni wewe unalitamka, usiniaibishe, bambi, tafadhali."

Kwao ni hivyo, mkubwa wa ukoo ndiye anamwambia mtoto jina lake sikioni. Na jina lilikuwa Latif, la babu yake Zubairi. Yule Latif alikuja na jeshi la wazungu kutoka Sudani, wakamwambia kaa hapa kambini, barua ya kukurudisha kwenu inakuja. Akakaa. Akaoa, akazaa, akazeeka na koti la jeshi mwilini, wakamzika akiwa bado anauliza kuhusu barua.

"Wewe nenda," Kirumbi akasema simu ilipokatika. "Kazi naijua." Akasaini kitabu cha geti, mwandiko mzuri kuliko wa Ochola.

Zubairi akampigia msimamizi, Odera.

"Bosi, nimepata mtu wa kunipokea."

"Nani?"

"Kirumbi. Ni wa Saramba, lango la mashariki. Ametoka kitabuni leo asubuhi."

"Ana namba ya kampuni?"

"Hana."

"Aah, mzee wangu, unataka mimi nifukuzwe? Uzoefu je, anao?"

"Miaka mia na kitu."

"Iko sawa, lakini bila namba hawezi kushika geti. Alete barua ya maombi. Na wewe ukitoka hapo, koti la kampuni acha kwenye benchi, usirudi tena. Kesho anakuja mwingine."

Zubairi akakaa. Akamwambia Kirumbi, "Basi hata mimi nikupokee wewe, angalau mmoja wetu aende."

"Malkia amekutuma?"

"Hapana."

"Basi haiwezekani." Alisema bila hasira yoyote.

Wiki hiyo Zubairi alisoma mpaka ukurasa wa tisini, Kirumbi anasikiliza. Watu wa Saramba walipita lango la mashariki kila siku, na mikokoteni yao, na harusi zao. Hakuna aliyesema mlinzi hayupo.

Ijumaa ikafika, mwingine hakufika. Saa nne na nusu Nuriat akaja na boda, mtoto kifuani. Wageni hawaingii, ni sheria, kwa hiyo alimnyanyua mpaka kwenye kidirisha. Zubairi akaweka mdomo kwenye chuma, akamwambia jina mara tatu. Dolphine aliacha chapati ikaungua.

Kirumbi alisimama wima. Akauliza polepole, "Huyu ndiye ametumwa kutupokea?"

"Hapana," Zubairi akasema. "Huyu hajatumwa na mtu." Na akafunga kidirisha haraka, mtoto asije akaliona koti lake la kampuni.

Alisikiliza boda mpaka sauti ikaisha mwisho wa barabara. Halafu akachukua kitabu cha geti, akaandika kwa kalamu ileile ya chai: *Ijumaa. Latif amefika saa nne na nusu, ameondoka saa tano kasoro robo. Hajapokea. Hali ni shwari.*

Kirumbi akaomba kalamu, akaandika chini yake: *Lango la mashariki pia.*