Waya Uliopita Dirishani

Watu walimwita Mama Kagua, na hakuwa na haja ya kuuliza kwa nini. Mlango akishaufunga, anaurudia. Jiko akishalizima, analirudia. Mtoto akisema ameshakula, yeye anakwenda kutazama sahani. Walimcheka, lakini aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na Mama Kagua alishaumwa.

Binti yake wa mwisho, wa miaka kumi na mmoja, alikuwa na kisukari kile cha watoto, cha kuchoma insulini kila siku ya Mungu. Insulini haitaki joto. Na nyumba yao ilikuwa mbali na nguzo za umeme: walikuwa na paneli nne juu ya bati, betri mbili ndani ya sanduku la mbao pembeni mwa sebule, na friji ndogo ya sola isiyozidi kimo cha kiti. Mwaka uliopita mawingu yalikaa wiki nzima, betri zikaisha, friji ikazima wakati wote wameenda msibani. Waliporudi jua lilikuwa limeshatoka, friji inanguruma kama kawaida, ubaya haujapata kujificha vizuri hivyo. Mtoto akachomwa dawa iliyokwisha kufa ndani ya chupa. Alilazwa siku nne.

Baba yake, dereva wa malori, alisema neno moja tu. "Ikitokea tena, mtoto anahamia kwa shangazi yake mjini, kwenye umeme wa uhakika. Sitaki mjadala."

Mama hakujadili. Angejadili nini? Lakini tangu siku hiyo mkoba wa mtoto ulikaa juu ya kabati, nusu umefungwa, kama mgeni anayesubiri kuitwa. Kila akifagia anauona.

Ndiyo maana baba alipotuma kipimo cha betri, mama alikipokea kwa mikono miwili. Wa kukifunga alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi sola ambaye mji mzima unamwita Mia kwa Mia, kwa sababu kila kazi akiimaliza anafuta jasho na kusema, "Hapo sasa, mia kwa mia!"

"Shemeji, karibu kiti, lakini usikae," mama alimwambia. "Nataka kuona unavyofanya."

"Nilijua. Nimekuja na leseni, kitambulisho na cheti cha ubatizo. Anza kukagua."

Alimwonyesha. Kioo kidogo cha duara cha kubandika ukutani, na kitofali kizito chenye vipande vya shaba, kinachokaa kati ya betri na waya zote nyeusi, zile za hasi.

"Hiki kitofali ndicho mlinzi wa geti," shemeji alisema. "Umeme unaoingia unahesabiwa hapa, unaotoka unahesabiwa hapa. Kioo kinakusomea: betri imebaki asilimia ngapi. Basi. Hakuna tena kupapasa friji usiku."

"Na kama kuna unaotoka bila kupita getini?"

"Upite wapi, shemeji? Dirishani?"

"Nauliza tu."

"Waya zote nyeusi nimezipitisha hapa. Ya paneli, ya taa, ya inveta. Zote." Aliingiza ukubwa wa betri kwenye kioo, akaacha jua likazijaza mpaka juu, kioo kikaandika mia. Akafuta jasho. "Hapo sasa..."

"Mia kwa mia," mama na binti walimalizia pamoja, wakacheka.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya jua, na kipimo kilikuwa malaika. Jioni tisini, asubuhi themanini na nane, mchana mia. Mama alianza kulala. Lakini hakuacha kitu chake kimoja cha zamani. Ndani ya friji, kwenye kile kisehemu cha kugandisha, alikuwa na kikombe cha maji yaliyoganda, na juu ya barafu ameweka kifungo cha shati. Friji ikizima muda mrefu barafu inayeyuka, kifungo kinazama. Ikiwaka tena maji yanaganda, lakini kifungo kimeshabaki chini. Friji inaweza kukudanganya. Kifungo hakijui kudanganya.

"Shemeji," Mia kwa Mia alisema alipokiona, "nimekufungia mtambo wa kisasa, wewe bado unaabudu kifungo!"

"Mtambo ni wako. Kifungo ni changu."

Ikaja wiki ya mawingu. Siku ya tatu asubuhi, mama alisoma kioo: sabini na nane. Akafurahi. Akafungua friji kuchukua dawa ya mtoto. Kifungo kilikuwa kimezama robo kikombe.

Alishika chupa za dawa moja moja kwa kiganja, kama anayepima homa. Za baridi bado, shukuru Mungu. Alikuwa amezizungushia chupa za maji ya barafu. Lakini friji ilizima wakati fulani kabla ya mapambazuko. Betri za sabini na nane zinazimaje friji?

Alimpigia shemeji.

"Kipimo kinasema ngapi?"

"Sabini na nane."

"Basi una betri tele. Wewe mwenyewe unafungua friji kila dakika kuangalia hicho kifungo, ndiyo maana barafu inayeyuka. Wasiwasi wako unapasha joto, shemeji." Akacheka. "Kunywa maji, pumzika."

Hapa ndipo wengi wetu tunapoanguka, mwenzangu. Fundi amesema, mtambo umesema, wewe uliyeishia darasa la saba ni nani? Mama Kagua naye nusura aanguke. Alikaa kwenye kiti, akatazama kabati, akauona ule mkoba. Akasimama.

Alijiambia hivi: geti lina mlinzi. Mlinzi anasema watu wako ndani, nami naona chumba kitupu. Basi ama mlinzi hajui kuhesabu, ama kuna wanaotoka dirishani. Tutawatoa mmoja mmoja, tuone.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, mtoto yuko nyumbani. Alimsimamisha mbele ya kioo.

"Mwanangu, bonyeza mpaka usome wati. Usisome kwa kukisia. Soma kilichoandikwa."

"Mama, mimi nasoma kuliko wewe."

"Ndiyo maana nimekuweka hapo, mdomo huo."

Kwanza alizima swichi ya paneli, jua lisije likaingiza hesabu yake. Kisha akazima taa zote, inveta, chaji ya simu, na friji yenyewe.

"Sasa?"

"Sifuri."

Akawasha taa ya jikoni. "Saba," mtoto alisema. Akaizima, sifuri. Akawasha taa ya nje. "Kumi." Akawasha inveta na feni. "Hamsini na mbili, mama, feni inakula!" Akazima. Sifuri. Mpaka hapo mlinzi alikuwa macho.

Akaenda kwenye friji, akaiwasha, akazungusha kitufe chake hadi baridi kali. Ikakohoa, ikaanza kunguruma. Aliweka kiganja ubavuni mwake, akaisikia inatetemeka.

"Sasa?"

Mtoto akabonyeza tena.

"Nimekuuliza, sasa?"

"Sifuri," mtoto alisema taratibu. "Mama, friji inaunguruma na huku ni sifuri."

Walirudia mara tatu. Mara zote tatu, sifuri. Mama hakupiga kelele. Alichukua simu.

"Shemeji, njoo. Na leo usije na cheti cha ubatizo, njoo na spana."

Alikuja akiwa na uso wa mtu aliyekatishiwa Jumamosi yake. "Haya, mheshimiwa mkaguzi, kesi gani?"

"Zima paneli. Zima kila kitu. Washa friji. Usome."

Alifanya kwa madaha. Akasoma. Madaha yakamtoka. Akainama, akasogeza sikio kwenye friji, akarudi kwenye kioo, akakigonga kwa ukucha.

"Usikigonge, hakijalala," mtoto alisema.

"Haiwezekani," alisema Mia kwa Mia. "Waya zote nyeusi nilizipitisha."

"Ulizoziona."

Akafungua sanduku. Betri ya mbele ilikuwa safi: waya mmoja mweusi mnene unaingia kwenye kitofali, hakuna kingine. Betri ya nyuma, iliyosukumwa ukutani, kichwa chake cha hasi kilikuwa kimeviringishwa vipande vya mpira wa tairi la baiskeli, tabaka juu ya tabaka, kama kidonda kilichofungwa na nesi mwoga.

"Hapa niliona waya wa kuunganisha betri na betri, nikauacha," alisema. Akaanza kukata mpira kwa kisu. Tabaka la kwanza, la pili, la nne. Na chini yake, ubavuni mwa ule waya wa kuunganisha, ulilala mwenzake mwembamba, mweusi, ukipita nyuma ya sanduku, chini ya zulia, mpaka kwenye friji.

"Kaka!" alisema shemeji. "Kaka aliunganisha friji moja kwa moja kwenye betri."

"Alisema hataki mtu aizime kwa bahati mbaya akizima taa."

"Na huu mpira aliyeufunga nani, ukafunika kila kitu? Kafunga kama maiti!"

Mama alitazama mikono yake. Aliukumbuka ule mchana, miaka miwili nyuma, mtoto akicheza karibu na sanduku, yeye akiogopa vidole vidogo vitagusa chuma. Alifunga, akaona haitoshi, akafunga tena.

"Mimi," alisema.

Shemeji alimtazama. Angeweza kumcheka mwaka mzima, na haki angekuwa nayo. Lakini naye alikuwa na lake. "Na mimi niliona furushi nisilifungue," alisema. "Tuko wawili kwenye hii, shemeji."

Alivua pete yake ya ndoa akaitia mfukoni, kwa sababu chuma kwenye betri hakina urafiki, akafungua nati, akautoa waya mwembamba, akaurefusha, akaufunga upande wa pili wa kitofali, pamoja na wenzake. Safari hii alimshikisha mama tochi, na kila waya alioukaza alimwonyesha.

Friji ikawashwa.

"Arobaini na nne!" mtoto alipaza sauti. "Mama, inahesabika! Arobaini na nne!"

Mama Kagua alipiga kigelegele mpaka jirani akachungulia kuuliza nani ameolewa. "Friji!" alijibu. "Imekubali kupita mlangoni!"

Shemeji alifuta jasho, akafungua mdomo, akaufunga.

"Sema," mama alimwambia.

"Sisemi mpaka ukague."

Akakagua. Paneli, taa, inveta, friji, moja baada ya moja, mtoto akisoma kama karani wa uchaguzi. Ndipo akamruhusu. "Mia kwa mia!"

Jioni ile shemeji aliazima jenereta, akazijaza betri mpaka juu ili kioo kianze upya kwenye mia. Mawingu hayakuondoka siku ile wala ya pili, na hilo ndilo lilikuwa jema, maana siku za jua kipimo hujirudisha mia kila mchana na kufuta makosa yake. Uongo wake unasubiri mawingu. Sasa kilisema kweli, na kweli yenyewe haikuwa tamu. Hamsini na nne. Arobaini na mbili. Mama alizima feni, akazima inveta, shemeji aliyekuja kutazama mpira kwenye televisheni akaambiwa aende akausikilize redioni kwake. Asubuhi ya tatu kioo kiliandika thelathini na tisa, friji inanguruma. Akaifungua.

Kifungo kilikuwa juu ya barafu, kikavu, matundu yake manne yakimtazama.

Baba aliporudi safari alikaguliwa kwanza na mkewe kuhusu ule waya, kisha akaonyeshwa kila kitu, wati kwa wati. Alisikiliza, akasimama juu ya kiti, akashusha mkoba kutoka kabatini. Akamkabidhi binti. "Rudisha nguo zako sandukuni. Mkoba nauhitaji kwa safari."

Siku hizi Mia kwa Mia akifunga kipimo kwa watu, anampitia shemeji yake kwanza. Mama anaingia nyumba ya watu, anasalimia, anaomba paneli izimwe, anawasha kitu kimoja kimoja. Na Mama humwambia kila mwenye nyumba lile lile, kwa sababu yeye ameshalipa kwa hofu yake na asingependa mwingine alipe: ukiona furushi karibu na betri, lifungue. Hata kama ulilifunga wewe mwenyewe. Zaidi sana kama ulilifunga wewe mwenyewe.