Diski ya Mama

Kompyuta ilikuwa inalia "pii" kila dakika, na mzee alikuwa ameifunika kwa mto. Binti yake, muuguzi aliyekuja likizo ya wiki moja, aliutoa mto kabla hajavua viatu.

"Imeanza lini hii?"

"Mwezi na ushei. Lakini inafanya kazi, mwanangu. Kila kitu kinafunguka."

Ndani mlikuwa na diski tatu zilizobandikwa karatasi: Baba, Mama, Binti. Mzee alifundisha hesabu miaka thelathini na tatu, na alizipanga mwenyewe, picha na sauti zote za familia zikagawanywa humo. Wageni aliwaeleza watake wasitake: diski moja ikifa, unapiga hesabu ya mbili zilizobaki, unaipata ya tatu. Iliyokufa ilikuwa ya Mama. Mama mwenyewe alikuwa amefariki miezi mitano kabla. Usingizini, mzee alisema, bila kumsumbua mtu.

"Ikifa nyingine tumekwisha," binti alisema. "Ngoja ngoja huumiza matumbo, Baba."

Ni methali tu, kila mtu huisema. Mzee aliweka kikombe chini, akatoka kumwagilia maua yaliyokwisha kumwagiliwa.

Binti alichomeka diski mpya, akaibandika jina, akabonyeza "jenga upya." Asilimia zikaanza kupanda kwa mwendo wa konokono. Zilipofika kumi na mbili, miguu ya mama ilikuwa chini ya meza, ndani ya malapa yake ya bluu, na binti akasogeza ndoo isimzuie. Kwenye arobaini zikaja gauni na mikono, nayo mikono ikaanza kukunja nguo zilizoanuliwa. Mzee aliporudi ndani aliongeza sahani ya tatu.

Kwenye themanini ukaja uso.

"Amekonda," binti alisema.

"Alikuwa anachagua chakula."

Binti alikuwa na furaha, tusifichane. Hakuwa amemwona mama yake mwaka mzima, na mazishi aliyakosa kwa siku moja. Aliketi karibu naye, akasubiri sauti, maana sauti ndiyo iliyokuwa ya mwisho kwenye foleni.

Asilimia zikatimia mia. Mama alishika tumbo, chini upande wa kulia, akamtazama mumewe.

"Mwalimu, leo siku ya nne. Nipeleke hospitali."

"Ngoja kesho," mzee alijibu upesi, kama mtu anayeitikia salamu. Kisha akamtazama binti.

Binti alihesabu. Jioni nne za mwisho kabla ya kifo alipiga simu, na jioni zote nne aliambiwa mama amelala. Ugonjwa wenyewe, kidole tumbo, aliufahamu. Wodini kwake watu walipasuliwa asubuhi, na baada ya siku tatu wakarudi kwao wakitembea.

"Uliniambia usingizini."

"Mwishoni alilala kweli," mzee alisema.

Binti alimshika mama mkono, akamwongoza nje. Kizingitini mkono wa binti ulibaki mtupu, na mama alikuwa mezani tena, anakunja nguo. Alijaribu mara tatu. Mara ya tatu aliketi sakafuni penye kizingiti akalia, na mama akamkunjia kanga.

Kwenye skrini paliandikwa: diski tatu zote nzima, hakuna kilichopotea. Mlio ulikuwa umekoma.

"Mwalimu," mama alisema, "leo siku ya nne."

Mzee aliinuka, akachukua ule mto, akaifunika kompyuta.