Baroni Kwenye Machela

Pale soko la vitu vya kale la Jumamosi, Rio, tuna sheria moja tu inayoheshimiwa: kitu ukikishika, mwingine haruhusiwi kukitajia bei. Ukikiweka mezani, hata kwa sababu ya kupiga chafya, kimekuwa cha watu.

Basi nikashika nilichokisaka tangu nywele zangu zikiwa nyeusi: katuni ya gazeti la zamani, ya enzi za kupigania watumwa waachiliwe. Baroni Figueira, tumbo kama pipa, amelala kwenye machela inayobebwa na watumwa wanne, naye ndiye analalamika, "Jamani, nimechoka!" Lakini Adauto, mwenye meza, hakuwepo. Alikuwa kaenda kucheza bahati nasibu yake.

"Dona Jurema!"

Aliyeniita alikuwa Wakili Leônidas Figueira, kitukuu wa baroni, mikono wazi. Bwana huyu hununua kila nakala ya katuni hiyo na kuitia moto. Sidhani kama ilibaki nyingine.

"Njoo nikukumbatie, mama! Umeadimika!"

Nikamkumbatia kwa mkono mmoja.

Akaondoka, akarudi na sambusa ya jibini na glasi ya juisi ya miwa. "Kula, mama. Weka hiyo karatasi kwanza, itaingia mafuta."

"Nitakunywa tu."

Juisi nikaimaliza, sambusa nikamwachia. Njaa ilikuwa inaniuma kweli, na jibini lile lilinukia kwa makusudi.

Jua likapanda. Adauto haonekani. Wakili kajiegemeza mezani, anasubiri vidole vyangu vilegee.

"Mkono utakufa ganzi, mama. Unajitesea nini, na uzee huo?"

Hapo hasira zikanipanda. "Baba wa babu yangu alimbeba huyu mabegani ujana wake wote, milima na mabonde. Mimi nishindwe kumshika asubuhi moja?"

Wakili akaacha kutafuna.

"Yumo humu?" akauliza taratibu. "Yupi?"

Nakala zote zile alizochoma, na hakuwahi kuwatazama waliobeba! Nikamwonyesha kwa kidevu: wa mbele, kulia, mwenye kilemba.

Adauto aliporudi, wakili alikuwa bado ameinama juu ya mkono wangu, anamtazama yule mwenye kilemba.