Sifuri ya Alkoblo

Wakili wa mjukuu wangu Ngugi alinifuata hadi nyumbani Kitengela, akaketi, akakataa chai. Alitaka nitamke jambo moja tu mbele ya hakimu wa Kajiado: kwamba siku ya ajali askari alimpima Ngugi, na kifaa kikasoma sifuri.

"Ni kweli au si kweli, Mwalimu?"

"Ni kweli."

"Basi usiongeze neno. Pombe haikupatikana, na dawa nyingine hakuna aliyeipima. Kesi itaanguka."

Nimefundisha kwa miaka thelathini na minane. Najua namna ya kujibu swali lililoulizwa na kuliacha lile lisiloulizwa.

Ilikuwa Alhamisi, mchana. Nilikuwa nimemaliza shughuli zangu katika ofisi ya ardhi Kajiado, na Ngugi akanipitia kwa lori lake dogo lililojaa vitunguu vya Entarara. Alikuwa hajalala kwa siku mbili. Aliniambia mwenyewe, akicheka. Shavu lake la kushoto lilikuwa limevimba kwa muguka, majani yale madogo ambayo madereva hutafuna ili kufukuza usingizi. Tulipoanza safari alimeza vidonge viwili kwa soda.

"Hivyo ni vya nini?"

"Vya kichwa tu, Cucu," akasema; ndivyo anavyoniita, nyanya kwa Kikuyu.

Vilikuwa vimefungwa katika kipande cha gazeti. Sikuuliza tena. Ngugi hanywi pombe. Pombe ilimwangamiza babu yake, nami nikaapa kwamba chupa haitaingia katika nyumba nitakamomlelea kijana huyu. Mlango huo mmoja niliulinda vyema.

Kabla ya kufika Isinya tulisimamishwa. Konstebo aliponiona alivua kofia, akazunguka hadi upande wangu, akainamisha kichwa dirishani ili nikiguse, kama watoto wa Kimaasai wanavyowaamkia wazee. Alikuwa Kasaine, niliyemfundisha hesabu katika darasa la sita. Mtu mzima, mwenye sare ya serikali, na bado aliniinamia. Nilikigusa kichwa chake, nikajivuna.

Ngugi alipuliza katika alkoblo, kile kifaa cha kupimia pombe. Sifuri. Hata hivyo Kasaine hakuirudisha leseni. Alimtazama machoni, akamwambia anyooshe mikono. Vidole vilitetemeka.

"Mwalimu, huyu hayuko sawa. Naomba apelekwe hospitali, wachukue damu na mkojo. Sheria haikatazi pombe peke yake. Hata dawa inakataza."

"Cucu, mwambie huyu jamaa vitunguu vitaoza," Ngugi akasema. "Si mashine imeongea? Ama ni chai unataka, afande?"

Ningaliweza kusema niliyoyaona. Lakini nilikuwa na mkutano wa akina mama wa kanisa saa tisa, na mimi ndiye mwenyekiti. Tena, na hili ndilo la aibu, sikutaka mjukuu wangu akojoe katika kopo kama mhalifu kwa amri ya mwanafunzi wangu.

"Kasaine, kifaa kimesoma nini?"

"Sifuri, Mwalimu."

"Darasani ulikuwa ukikisia majibu. Naona hata chuo cha polisi hakikukuponya. Mrudishie leseni yake."

Askari mwenzake aliangua kicheko. Ngugi naye akacheka, akapiga usukani kwa kiganja. Kasaine aliirudisha leseni. "Safari njema, Mwalimu," akasema, akavaa kofia yake.

Kilomita sita mbele, kichwa cha Ngugi kilianguka kifuani. Nilimwita mara moja tu. Lori liliiacha lami pale wanawake wanapouzia maziwa. Wote walikimbia isipokuwa msichana mmoja, Purity, aliyerudi kuuokoa mtungi wake. Madaktari walimkata mguu juu ya goti.

Katika ile pilikapilika ya kuokoa maisha yake, hakuna aliyekumbuka kupima damu ya Ngugi hadi siku ya nne, dawa zikiwa zimekwisha mwilini. Watu wakasema kwamba Kasaine alihongwa. Akasimamishwa kazi.

Mahakamani wakili aliuliza swali lake, nami nikalijibu.

"Ahsante, Mwalimu. Ni hayo tu."

Sikushuka kizimbani.

"Mheshimiwa, nimejibu nusu."

Wakili aliinuka kunizuia. Hakimu akamwashiria aketi. Nikayataja majani, vidonge, kipande cha gazeti, na siku mbili bila usingizi. Nikasema kwamba Kasaine hakupokea hata senti, kwamba aliyemfumba mdomo ni mimi, na nikayarudia maneno niliyotumia, yote, mbele ya mke wa Kasaine aliyekuja kusikiliza.

"Cucu," Ngugi akasema kwa sauti ndogo, kama alivyokuwa akiniita alipopatwa na homa utotoni. Sikuweza kumtazama.

Nje nilimkuta Kasaine karibu na lango, amevaa shati la kawaida.

"Nilikuaibisha, nawe ulikuwa na haki," nikamwambia.

"Niliyaona macho yake, Mwalimu. Nilipaswa kukataa kumwachilia." Akaninyooshea mkono, tukasalimiana kama watu waliokutana kwa mara ya kwanza siku hiyo. Hakuinamisha kichwa.

Purity alikuwa ameketi kwenye benchi, magongo yakiwa yameegemezwa ukutani. Nilitaka kumpita haraka. Aliponiona aliinama, akanipa kichwa chake nikiguse, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa. Niliuweka mkono wangu pale. Mara hii sikujivuna.