Afisa Asiye na Maoni

Kazi ya mwanamke huyu ilikuwa kuwauliza watu wanataka nini. Jiji lilimlipa kwa hilo, na fulana ya manjano likampa. Jiji likitaka kuchimba, kujenga au kubomoa, yeye ndiye aliyetangulizwa mtaani na kipaza sauti na viti vya plastiki, akasimama mbele ya watu akawauliza, "Mnaonaje?" Kwa kuuliza sana, jina lake likasahaulika. Wakamwita Bi Mnaonaje, naye akaitika.

Sharti la kazi ile lilikuwa moja: afisa hatoi maoni yake. Anauliza, anasikiliza, anatikisa kichwa, basi. Alilishika sharti hilo mpaka likamwotea mizizi. Hata nyumbani, mdogo wake akimwonyesha vitambaa viwili vya pazia amchagulie, yeye humjibu, "Wewe unaonaje?"

"Dada," mdogo mtu alimwambia siku moja, "wewe hata ukiulizwa kama una njaa utaitisha mkutano."

Na kweli njaa alikuwa nayo, ila haikuwa ya kushibishwa kwa sahani.

Mtaa mmoja ulikatwa katikati na mfereji mpana wa maji machafu, na jiji likaamua kuwajengea watu kivuko cha miguu. Palikuwa na sehemu mbili za kukiweka: juu karibu na shule, au chini karibu na soko. Mhandisi alisema kwake pote ni sawa. Wenye watoto wakataka juu, wenye biashara wakataka chini. Ila huko chini, palepale ambapo mguu wa kivuko ungesimama, palikuwa na kibanda cha fundi baiskeli. Na desturi ya ofisi ile ilikuwa kwamba anayehamishwa lazima asimame mwenyewe mbele ya wenzake, akubali kwa mdomo wake. Asipokubali, mkutano unaahirishwa, viti vinarudi garini.

Fundi hakukubali. Alikuwa mjane, mrefu kama nguzo ya taa, mpole wa sauti. Kila mkutano alinawa grisi, akavaa shati safi, akaja kukataa. Mara ya kwanza alisema wateja watampotea. Mara ya pili akasema kivuli cha pale hakipatikani kwingine. Mara iliyofuata akasema pampu yake imezoea upepo wa pale, ukibadilishwa itaugua kifua. Watu wakacheka mpaka viti vikalia. Bi Mnaonaje naye akacheka, kipaza sauti mkononi, na hapo ndipo alipokwisha.

Tangu siku hiyo akawa anaingojea mikutano ya mfereji kama mtoto anavyongoja shule ifungwe. Siku ikifika, alijipaka mafuta, akakifunga kitambaa cha kichwa akakifungua, akakifunga tena. Dereva wa ofisi akamtazama kwenye kioo.

"Mama, leo tunakwenda mferejini au harusini?"

"Wewe tazama barabara, baba."

Siku zisizo na mkutano ndizo zilizomtesa. Baiskeli hakuwa nayo, wala kuipanda hajui, sasa angesimama pale kibandani kwa kisingizio gani? Alipita ng'ambo ya mfereji, polepole, akamwona ameinamia gurudumu kama mtu anayemnong'oneza mgonjwa, akatamani kuwa gurudumu. Namba yake ya simu alikuwa nayo, maana kila anayehudhuria huiandika. Lakini ile ilikuwa namba ya jiji, ya kuitia watu mkutanoni. Akiitazama, anameza mate, anaiweka simu kifudifudi.

Mwishowe bosi akachoka. Mvua zilikuwa zinakuja, na watoto walikuwa bado wanavukia ubao uliooza. "Nenda kawaulize," akamwambia, "na safari hii usirudi na ahirisho."

Siku hiyo watu walijaa. Fundi akasimama, shati lake limenyooshwa vizuri kuliko siku zote.

"Afisa," akasema, "umetuuliza wee mpaka tumeota mvi. Leo nauliza mimi. Simwulizi afisa, nakuuliza wewe. Nibaki au nihame?"

Mama wa nyanya, aliyekaa mstari wa mbele na ambaye ulimi wake haujui likizo, akaufyata kidogo, kisha ukamshinda. "Msemeshe basi, mwanangu! Mbona hata mimi jasho linanitoka?"

Bi Mnaonaje alijua fika kwamba watu wamechoka. Akisema juu, itakuwa juu, wenye watoto watafurahi, wafanyabiashara watanung'unika siku mbili tatu, na fundi atabaki kwake. Neno lilipanda kifuani, likapita kooni, likafika kwenye meno. Akaitazama fulana ya manjano kifuani pake.

"Afisa hana maoni," akasema. "Wenye maoni ni wananchi. Mnaonaje?"

Fundi akamtazama kama mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba yenye taa, akajibiwa kuwa hakuna watu.

"Basi nahama."

Watu wakapiga makofi. Na yeye akapiga, maana ndiyo kazi yake.

Kivuko kikajengwa chini. Jumapili moja aliondoka nyumbani bila fulana, bila kipaza sauti, akaenda kukivuka. Mama wa nyanya alikuwa amehamishia meza yake kwenye mdomo wa kivuko.

"Kuna mkutano?"

"Hapana, mama. Napita tu."

"Mh. Unapita." Akapanga nyanya zake. "Kahamia kwa kaka yake, safari ya kutwa nzima kwa basi. Kivuko umekionaje?"

Bi Mnaonaje akashika ukingo wa chuma. Wanawake walipita na mizigo, watoto walipita wakikimbia, na kila aliyepita alikanyaga pale alipokuwa akiinama yule mtu.

"Mimi," akasema, na sauti yenyewe ikamshangaza, "mimi ningekiweka kule juu."

Mama wa nyanya akacheka, halafu akaacha. "Saruji imeshakauka, mwanangu. Lakini simu yake bado inalia. Jana tu nilimpigia kumsalimu."

Akasogea katikati ya kivuko. Akaitoa simu. Ikalia, ikalia, ikapokelewa.

"Nani mwenzangu?"

"Mimi. Yule wa jiji."

"Ehe. Mmeitisha mkutano?"

"Hapana." Alipumua. "Siku ile uliniuliza. Nilitaka ubaki."

Chini yake maji machafu yalikwenda zao.

"Hebu rudia," fundi akasema. "Huku kuna kelele."

Kelele haikuwapo, hata pumzi zake zilikuwa zikisikika. Bi Mnaonaje akarudia.