Droni Iliyorudi Nyumbani

Watu wanaotaka kuingia kazi hii huja kuniuliza wanunue droni gani ya kwanza. Mimi huwaambia hilo ni swali la pili. La kwanza ni utamuuliza nani. Hucheka wakidhani nawatania, nami nawaacha wacheke, maana nilipokuwa mwanafunzi na mimi nilicheka sana.

Nimepiga picha za sherehe hapa Juchitán tangu sijaolewa: harusi, ubatizo, mazishi ya wenye uwezo. Kisha zikaja droni, na ghafla hakuna bibi harusi aliyetaka picha za mtu aliyesimama chini. Wote walitaka waonekane kama wanavyoonwa na kunguru. Mwenye droni mjini alikuwa mmoja tu, Heliodoro, na Heliodoro alikuwa kompadre wangu.

Yeye ndiye aliyembeba mwanangu Nahúm siku ya ubatizo. Huku kwetu, ukishambebea mtu mtoto kanisani, jina lako limekwisha mdomoni mwake, hamwitani tena kwa majina. Yeye ni kompadre, mimi ni komadre, tukicheka, tukigombana, hata tukipigiana kelele sokoni. Na ombi la komadre halikataliwi. Unaweza kulichelewesha, unaweza kumlalamikia mkeo usiku kucha, lakini neno hapana halitamkwi.

Mwaka ule mwenye sherehe ya mtakatifu wa mtaa wetu alikuwa Bi Eudoxia, mama mwenye jiko kubwa na maneno machache. Aliniita akanipa tamale, unga wa mahindi uliopikwa ndani ya majani, akaningoja nimeze. Akasema kama nitampigia Siku ya Kurusha Matunda kutoka juu, magari yote ya ng'ombe na mapambo yake, basi sherehe za mtaa ni zangu, ile na zitakazofuata. Kama siwezi, nimwambie mapema asiaibike mbele ya wageni. Nikasema naweza. Droni sikuwa nayo, na sikuwa nimewahi hata kuishika.

Nilichomoa sarafu moja ya dhahabu kwenye mkufu alioniachia mama. Mwanamke wa huku hauzi mkufu wake, labda awe anazika au anatoa mtoto jela. Pengo likabaki katikati ya kifua, mahali pa kuonwa na kila mwenye macho na mdomo. Nikajikaza, nikamwendea kompadre.

Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akaniambia kwamba sherehe yeye ameziacha. Amepata kazi kwenye mitambo ya upepo kule La Venta, anarusha droni kukagua mapanga yake, na kelele za harusi zilikuwa zimemchosha. "Anga ya Juchitán nakuachia wewe, komadre," alisema. "Na nitakuchagulia mwenyewe, wasije wakakuibia." Machozi yalinilengalenga. Siku iliyofuata nilimpelekea tamale za mjusi iguana, kazi ya asubuhi nzima, na yeye akala zote.

Tulikwenda pamoja dukani Salina Cruz. Mezani ziliwekwa mbili, bei karibu sawa. Moja ilikuwa nyeupe, mpya, nyepesi kama mkate. Nyingine ya kijivu, ya toleo la zamani, nzito, yenye mikono minene na betri za akiba. Binti wa duka alipojua tumetoka wapi akaisukuma ile ya kijivu mbele yangu.

"Mama, kwenu upepo unalaza malori," alisema. "Chukua hii."

Kompadre alimcheka kwa upole. Akamwambia yeye binti kazi yake ni kuuza, kurusha awaachie warushaji. Akanigeukia, akanieleza kama mwalimu. Anayeanza lazima aangushe, hakuna asiyeangusha. Nyepesi ikianguka inadunda, unaifuta vumbi unaendelea. Nzito ikimwangukia mtu kichwani, unaendelea na polisi. Nyepesi inaingia kwenye mkoba, haidai makaratasi ya kibali, haitishi ng'ombe. Ubaya wa maneno yale ni kwamba yote yalikuwa ya kweli. Mpaka leo nikiyarudia siyaoni kosa lake, ndiyo maana yananiuma.

Nikanunua nyeupe. Yule binti alinifungia, na nilimwona akiitazama ile ya kijivu kama mtu aliyeona dada yake akinyimwa mchumba.

Kompadre alinifundisha nyuma ya uwanja wa mpira, alfajiri, siku zote alfajiri. Nilidhani ni kwa ajili ya zamu yake ya La Venta. Saa hizo upepo wetu umelala kabisa, hata majani ya mnazi hayatikisiki, na droni inasimama hewani kama imepigiliwa msumari. Nilijifunza kupanda, kushuka, kuzunguka. Zaidi ya yote alinifundisha kitufe chenye picha ya nyumba. Betri ikipungua, ukichanganyikiwa, ukiogopa, bonyeza hicho, usifikiri.

"Inarudi nyumbani yenyewe," alisema. "Kama mbwa."

Nilibonyeza, ikarudi miguuni pangu. Nikabonyeza tena, ikarudi tena. Sikuhama nilipokuwa nimesimama, kwa hiyo sikupata sababu ya kuuliza nyumbani kwake ni wapi.

Siku tatu kabla ya shughuli alikuja kwangu kuniaga. Siku yenyewe angekuwa La Venta, alisema, bosi wake hataki kusikia habari za watakatifu. Lakini alikuwa na ushauri mmoja wa mwisho. Nisirushie barabarani kama mtazamaji. Nipande gari la kwanza la ng'ombe, nikae katikati ya wasichana wanaorusha, niinulie pale pale, nipate nyuso zao kwanza, kisha mtaa mzima uliotanda chini. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo. Bi Eudoxia atalia, alisema. Nikamwona mtu mwenye utu.

Basi siku ikafika. Jua lilikuwa kali, wasichana wamevaa sketi za mahameli zenye maua makubwa, ng'ombe wamefungwa karatasi za rangi pembeni mwa pembe. Magari yalijaa maembe, mananasi, mabeseni ya plastiki, vikombe na wanasesere, vyote vya kurushiwa watu. Barabarani wamejaa, mikono juu. Sheria ya siku hiyo inajulikana na mtoto anayenyonya: kilichotoka juu ni cha aliyekidaka. Hakidaiwi, hakirudishwi, hata kama kilirushwa kwa bahati mbaya. Bibi yangu aliwahi kudaka kiatu cha mke wa mkuu wa mji, na kile kiatu kilikaa sebuleni kwetu mpaka bibi akafa.

Tulianzia njia panda ya duka la mikate. Niliinua droni kutoka gari la kwanza, na dakika chache za mwanzo, Mungu ni shahidi, nilikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote wa mwambao huu. Kwenye kioo cha rimoti niliona nyuso, kisha maua, kisha mtaa mzima ukinisogelea kwa rangi zake. Wasichana walikuwa wananing'ang'ania mabega waone. Magari yakaondoka, yakifuatana moja baada ya jingine.

Upepo ukaamka. Upepo wetu haubishi hodi. Picha ikaanza kutetemeka, maandishi mekundu yakajaa kioo, na ile nyepesi yangu, maskini, ikawa inapigana hewani kwa nguvu zake zote ili isimame mahali pamoja. Betri ilikuwa inaisha huku naitazama. Nikaogopa. Nikachanganyikiwa. Nikafanya nilichofundishwa, nikabonyeza nyumba.

Ikanigeuzia mgongo. Nilidhani imekosea, nikaiita kama mtu anavyomwita mtoto, Obdulia mimi na umri wangu wote. Ilikuwa inakwenda zake juu ya mapaa, ikirudi tulikotoka, kwenye njia panda ilipoinukia. Gari lilikuwa limeshakwenda mbali. Kwa droni, nyumbani si kwa mwenyewe. Nyumbani ni pale ilipoagia ardhi.

Niliruka kutoka garini, nikakimbia kinyume na magari, nanasi likanipiga begani. Nilipofika, ilikuwa imeshashuka taratibu, kwa adabu kabisa, katikati ya mikono iliyoinuliwa. Aliyeidaka ni Zenaida, muuza kamba wakavu, mwanamke mwenye mikono ya kubeba magunia. Aliidaka kwa beseni alilokuwa amedaka muda si mrefu, na mapanga yalikuwa yanachakura plastiki.

Nikamwambia ni yangu.

"Imetoka juu?" aliniuliza.

"Imetoka juu."

"Nimedaka?"

"Umedaka."

"Sasa dada unalilia nini? Ungerusha embe."

Watu walicheka mpaka wakashikana. Na mimi ningecheka, ingekuwa ya mwingine. Kumwomba avunje sheria ya siku ile mbele ya mtaa mzima ni kujivua nguo. Nikamwomba kadi ya picha tu. Akafikiri, akasema kadi hakuidaka yeye, imekuja ndani kama mbegu ya embe, na mbegu haziliwi. Akanipa.

Nilikwenda nyumbani moja kwa moja, nikaichomeka kadi kwenye kompyuta, nikitumaini nitapata cha kumwonyesha Bi Eudoxia. Mwanzo ulikuwa mzuri. Kisha mtetemeko. Kisha droni ikageuka, na kwa kuwa kamera ilikuwa bado inapiga, nikaona njia yote iliyoirudisha: mapaa, matangi ya maji, nguo zilizoanikwa. Kwenye paa la duka la dawa, alikuwapo mtu amesimama na rimoti mkononi. Miguuni mwake palikuwa na droni ya kijivu yenye mikono minene.

Nilisimamisha picha. Nilikaa nikimtazama kompadre wangu aliye La Venta.

Nikaiacha iendelee. Aliinua uso, akaitazama droni yangu ikimpita juu ya kichwa, upepo ukaigeuza ikabaki inamwelekea. Hakushtuka, hakuita mtu. Aliifuata kwa macho mpaka ikaanza kushuka kwenye ile mikono, kisha akainama, akawasha yake. Mwisho kabisa wa picha, kabla ya beseni la Zenaida kufunika kila kitu, ile ya kijivu inaonekana kwa mbali, inapanda, imetulia kwenye upepo ule ule. Alikuwa anasubiri anga iwe tupu.

Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi changu nilikilisha tamale.

Siku ya pili ya sherehe ni ya kuosha masufuria. Wanawake wanaosha na kunywa bia, wanaume wanakunywa na kutazama. Nilivaa mkufu wangu na pengo lake, nikaenda na Nahúm. Bi Eudoxia alikuwa ameweka televisheni uani, na filamu ilikuwa inaonyeshwa: magari yote ya ng'ombe, maua yote, kutoka juu, bila mtetemeko hata mmoja. Ilikuwa nzuri. Niliichukia na ilikuwa nzuri.

Bi Eudoxia hakunikasirikia. Alinishika mkono akasema nimshukuru kompadre wangu, maana ndiye aliyetuokoa wote. Alikuja wiki moja kabla kumwambia asiwe na wasiwasi, yule mwanafunzi wake akishindwa, yeye atakuwa karibu. Wiki moja kabla. Sikuwa hata nimepewa ule ushauri wa gari la kwanza.

Nilimkuta Heliodoro karibu na makreti ya bia. Aliniona usoni, akajua nimeona, na akaanza kusema kabla sijafungua mdomo. La Venta walikuwa wamemwachisha kazi, alisema, tangu kabla sijamwendea. Alikuwa na watoto wake. Mji huu una anga moja tu, haitoshi wawili.

"Ungeniambia hapana," nilisema.

"Ningekuambiaje hapana? Wewe ni komadre wangu." Alisema kwa uchungu wa kweli, kama mimi ndiye niliyemfunga. "Umekuja na sarafu ya mama yako mkononi. Ningekukataa, mtaa mzima ungenitemea mate. Sikukunyima kitu, komadre. Nilikufundisha. Droni ya kwanza huanguka tu."

Yaani alikuwa anataka nimwonee huruma. Na kipande cha moyo wangu, laana iwe juu yake, kilimwonea. Neno moja la hapana lingenikasirisha mwezi mzima, kisha yangeisha, na mkufu ungekuwa na sarafu zake zote. Yeye alilikwepa hilo neno kwa kunipeleka mkono kwa mkono mpaka kwenye aibu.

Nahúm alikuwa ameshamkimbilia, amemshika mguu, anamwomba amrushie ile ya kijivu. Nilimwita. Wanawake waliokuwa kwenye masufuria waligeuka, kwa sababu mzazi hamwiti mtoto kutoka kwa aliyembeba ubatizoni. Hilo halifanywi.

Nilimshika mwanangu mkono. Heliodoro alinifuata mpaka langoni, akasema kwa sauti ya chini, "Komadre, usiondoke hivi. Niambie neno."

Nikageuka, nikahakikisha kwamba Bi Eudoxia ananisikia, na Zenaida, na kila aliyekuwa na sufuria mkononi.

"Filamu ni nzuri, Heliodoro," nilisema.

Alibaki ameshika nguzo ya lango. Nahúm aliniuliza njiani yule niliyemtaja ni nani, maana hakuwa amewahi kulisikia jina lile kinywani mwangu.